Ushuhuda Usemwe Kwanza kwa Wenyeji: Mwanafunzi wa Misheni Anaporudi Chuoni



Semina zetu sisi tunaolaza wageni wa misheni majumbani huwa zinazungumzia mapokezi: nani alale wapi, maji ya kunywa yachemshwe na nani, asiyekula nyama apikiwe nini. Mimi nimeombwa nizungumzie sehemu ambayo hatuioni, yaani mambo yanayompata mwanafunzi wa chuo cha Kikristo cha Marekani akishatuaga, akapanda ndege, akarudi darasani mwishoni mwa Agosti. Mtaniuliza yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu amebeba vitu vyetu: picha zetu, majina ya watoto wetu na ahadi alizotoa sebuleni kwetu. Hoja yangu ni kwamba habari zetu azisimulie kwanza hapa hapa, mbele yetu, kabla hajazipeleka kwao.

Misheni ya Marekani imetoka vyuoni tangu mwanzo. Agosti 1806 wanafunzi watano wa Williams College, Massachusetts, walikimbilia kwenye lundo la nyasi kavu kujikinga na mvua ya radi, wakaomba hapo kwa ajili ya Asia. Vuguvugu lililotokana na maombi hayo ndilo lililozaa, mwaka 1810, bodi ya kwanza ya nchi hiyo ya kupeleka wamisionari ng'ambo. Mwaka 1886 wanafunzi 251 walikusanyika Mount Hermon, katika jimbo hilo hilo, na kufikia mwisho wa mkutano 100 kati yao walikuwa wamejitoa kwenda. Hao walijitoa maisha. Mmisionari wa Marekani Adoniram Judson aliondoka mwaka 1812, akafanya kazi Burma, na nchi yake akaiona tena mara moja tu, mwaka 1845. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa maradhi, ikabidi mtu mwingine ayarudie maneno yake ili mkutano usikie. Inasimuliwa kwamba siku moja alisimama akasema habari za Yesu tu, akaketi, na watu wakasikitika: walitaka kisa cha kusisimua kutoka kwa mtu aliyetoka mbali. Kiu hiyo ya visa haijaisha. Leo anayetakiwa kuikata ni kijana wa miaka ishirini aliyekaa kwetu wiki sita.

Kwenda na kurudi ndani ya likizo moja ni jambo la juzi. Kiangazi cha 1957 mwanafunzi George Verwer na wenzake wawili walikwenda Mexico kugawa maandiko ya Kihispania, wakarudi masomoni. Safari hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la misheni la Operation Mobilisation. Ndege za jeti zikafuata, nauli zikashuka, na mapema katika karne hii mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Princeton alikadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 hutoka nje kila mwaka kwa misheni fupi ya kanisa. Methali yetu humpa mgeni siku mbili za kupumzika na ya tatu jembe. Hawa hulidai jembe siku ile ile waliyoshuka uwanja wa ndege, na kabla shamba halijaota wameshaondoka.

Sasa tumfuate mmoja wao.

Anafika kwao wiki mbili au tatu kabla muhula haujafunguliwa. Anafua nguo, ananunua vitabu, anahamia bwenini na mwenzake mpya. Siku ya kwanza kwenye bwalo la chakula anaulizwa na watu kumi, "Safari ilikuwaje?", na wote kumi wanauliza huku wanatembea. Sisi mtu akitoka safari tunampa maji, tunamketisha, habari za safari zinaanza baadaye na zinaweza kufika usiku. Kule jibu linatakiwa liishe kabla foleni haijasogea. Basi anajifunza kusema "nzuri sana, ilibadilisha maisha yangu," na baada ya wiki moja hata yeye hajui tena ni nini kilichobadilika.

Bwalo hilo lenyewe ni mtihani. Katika vyuo vingi mwanafunzi amekwisha kulipia chakula cha muhula mzima, hivyo anajipakulia kadiri apendavyo na kinachobaki kinakwenda kwenye pipa. Kijana aliyekuwa anaona kwa mama mwenyeji wake jinsi ukoko wa wali unavyogombewa na watoto, anasimama mbele ya pipa lile na kukasirika. Anawakasirikia wenzake, ibada zenye taa na magitaa, wazazi wake walionunua gari jipya. Wataalamu walishalitazama jambo hili. Mwaka 1955 Mnorwe Sverre Lysgaard, akichunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, alionyesha kwamba ugenini moyo hupanda, hushuka, kisha hupanda tena. Mwaka 1963 mke na mume John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba mtu akirudi kwao hushuka mara ya pili, kwa sababu hakutegemea kuwa mgeni nyumbani. Mimi nadhani hasira hiyo ni ya kuvumilia tu. Ina kiburi kidogo cha kijana aliyeona umaskini kwa mara ya kwanza na kudhani ameugundua yeye, lakini kwa kawaida Novemba haijafika imeshapoa. Haituhusu sana. Yaliyo yetu ni mawili: ushuhuda na ahadi.

Kuhusu ushuhuda

Vyuo hivi vina ibada za chuo katikati ya wiki, na mwanzoni mwa muhula waliotoka misheni hupewa nafasi: dakika chache na picha kwenye skrini. Tena kabla ya kuja, wengi wao waliandika barua kwa mashangazi, majirani na washarika kuomba nauli. Wote hao wanangoja taarifa, na wana haki nayo, maana wametoa fedha zao. Tazameni basi taarifa inakwenda wapi. Inakwenda kwa aliyelipa na kwa chuo. Hakuna hata karatasi moja inayorudi kwa mzee wa kanisa aliyemfundisha kijana yule kusema "shikamoo". Mtu asiyewajibika kwa wale anaowasimulia atawasimulia jinsi wasikilizaji wanavyopenda, na haina maana kwamba ni mwongo. Ana dakika tatu, na dakika tatu zina maneno yake tayari.

Maneno yenyewe mnayajua: "Hawana kitu, lakini wana furaha." Yamesemwa kuhusu Guatemala, Haiti, Ufilipino na kuhusu sisi. Anayesema anadhani anatusifu. Aliona tunaimba ibadani kwa saa tatu, akaona watoto wanakimbiza mpira wa makaratasi, akaona mama anacheka jikoni. Hakumwona mama huyo akihesabu michango ya shule iliyobaki, wala hakuwapo siku alipokwenda zahanati akakuta dawa zimekwisha. Furaha aliyoiona ilikuwa ya kweli. Ilikuwa pia ya kumpokea mgeni, na mgeni hawezi kuona nyumba bila mgeni. Sasa mwambieni ayaseme maneno hayo pale pale jikoni, mama akiwa anasikiliza na mtu anatafsiri. Nina hakika angekwama katikati ya sentensi. Mama angeweza kumuuliza, "Mwanangu, hawana kitu ni akina nani?" Na hapo elimu ingeanza.

Yapo mengine yangesahihishwa hivyo hivyo. Kuhusu picha ya mtoto mwenye kamasi angeulizwa baba yake. "Tulijenga darasa" ingesikika mbele ya fundi aliyerudia kozi tatu za tofali baada ya vijana kwenda kulala, naye angecheka, na kicheko hicho kingemfaa kijana kuliko cheti. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek wa Calvin College, aliyeishi miaka mingi Honduras, alichunguza nyumba zilizojengwa huko baada ya kimbunga Mitch cha 1998. Vikundi kutoka Amerika ya Kaskazini, nauli ikiwemo, vilitumia kama dola 30,000 kwa nyumba ambayo mashirika ya huko huko yaliijenga kwa dola 2,000 hivi. Kisha akawafuata waliorudi. Wengi walisema safari imewabadilisha na kwamba sasa wanatoa zaidi. Kumbukumbu za michango zilionyesha mabadiliko madogo mno. Sisomi hapo unafiki. Nasoma watu waliorudi mahali ambapo hapana aliyewauliza mara ya pili.

Miaka thelathini kabla ya kimbunga hicho, tarehe 20 Aprili 1968, padre Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokutana Cuernavaca, Mexico, waache kabisa kuja kusaidia. Waje kutazama, kupanda milima, kusoma. Alikuwa mkali, na kwa upande wa kusoma nakubaliana naye. Mwaka huo huo wa 1968 Goshen College, chuo cha Wamenno huko Indiana, kilianza kupeleka wanafunzi ng'ambo kwa muhula mzima, wakae na familia za wenyeji, wajifunze lugha kwanza na kufanya kazi baadaye, yote yakihesabiwa kama masomo. Wheaton College, Illinois, ina mpango wa miezi kama sita ulioanza miaka ya 1970, wenye darasa kabla ya kuondoka na jingine baada ya kurudi. Katika darasa hilo la pili kuna mwalimu anayeuliza tena, na kijana hawezi kumjibu "nzuri sana".

Kuhusu ahadi

Hapa naomba mnivumilie, maana sisi nasi tumo.

Siku ya kuagana watu wanalia. Kijana amekumbatiwa na mama, watoto wamemng'ang'ania mkono, na anasema, "Nitarudi." Anasema, "Nitamsaidia Neema mpaka amalize shule." Wakati ule anamaanisha. Oktoba simu yake inaanza kulia saa nane za usiku, kwa kuwa kwetu kumekucha: "Habari za masomo? Mama anakusalimia." Wiki mbili baadaye: "Shule imefunguliwa." Kijana yule anasoma kwa mkopo wa maelfu ya dola na anaosha vyombo bwaloni apate fedha ya matumizi, jambo ambalo sisi hatulijui na yeye aliona aibu kutuambia. Anajibu mara ya kwanza, mara ya pili anachelewa, mara ya tatu anazima arifa. Kule anajiona mwovu. Huku tunasema Wazungu ndivyo walivyo.

Mtume Paulo yalimkuta. Aliwaahidi Wakorintho kwamba angepita kwao, mipango ikabadilika, wakamshuku kuwa ni mtu wa ndiyo na siyo kwa pamoja. Alichofanya ni kuandika barua na kujieleza, kwa urefu, hata kwa uchungu. Hakunyamaza. Tungeweza kuwaomba wageni wetu jambo dogo kama hilo: wakishindwa, waandike kwamba wameshindwa. Na sisi tusiwatoe ahadi wakiwa wanalia. Mzazi anayemsukuma mtoto mbele siku ya kuaga ili "apate mfadhili" anamtega kijana wa watu, na mwinjilisti anayeona hivyo amvute mzazi huyo pembeni.

Kwa atakaye kuendelea, njia ipo karibu naye kuliko anavyodhani. Grand Rapids, Michigan, mji wa chuo cha Calvin, una Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili husikika makanisani kwao. Wheaton na vitongoji vyake ni mahali ambapo shirika la World Relief limepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyekula ugali wetu kiangazi anaweza kuketi Jumapili nyuma ya kanisa la Wakongo, asipewe kipaza sauti, awapeleke wazee hospitali, amsaidie mtoto hesabu. Anayetupenda sisi walio mbali na kuwapita hao kwenye kituo cha basi, sijui amependa nini.

Mfano wetu mzuri wa nyumbani ni Bega kwa Bega, uhusiano wa Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya Walutheri ya Saint Paul, Minnesota. Usharika umeshikana na usharika, na wageni wanakwenda pande zote mbili. Kijana akimaliza chuo na kutoweka, usharika wake bado upo, na swali la Neema lina mtu wa kulijibu. Wanafunzi wetu wa vyama vya wanafunzi Wakristo, TAFES na FOCUS Kenya, wanaokwenda misheni wakati wa likizo wangefaa kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Vijana wa mjini nao hurudi kutoka vijijini na picha.

Pendekezo langu kwa vikundi vya mwakani ni hili. Jioni moja kabla ya siku ya kuaga, si siku yenyewe, kila mgeni asimame mbele ya familia iliyomlaza na wazee wachache, aseme kile atakachokisema kwenye ibada ya chuo chake, na aonyeshe picha atakazozitumia. Pawe na mkalimani, na wenyeji wawe huru kusahihisha, kukataa picha, na kuongeza alilolisahau. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa lililowatuma, wakatoa taarifa, wakakaa nao siku nyingi. Desturi hiyo vyuo vyao vinaijua. Hii ya kwetu itakuwa nusu yake ya kwanza. Mwezi Oktoba familia ipokee barua moja, hata ya aya mbili, ikieleza ushuhuda ulipokewaje.

Limebaki la nani aongoze jioni hiyo. Naomba asiwe mchungaji wa usharika. Anangoja kwa wageni hao fedha za bati za kanisa, na mbele ya mtu anayengoja bati hapana mgeni atakayesahihishwa. Nimefikiria mwinjilisti, au mwenyekiti wa akina mama, wajumbe mseme.