Kutoka Tuskegee hadi Kabete: Booker T. Washington, W.E.B. Du Bois na Ugomvi Uliovuka Bahari



Waandaaji waliponiomba mada kuhusu watu mashuhuri wa Marekani na urithi wao, walinipa na orodha: George Washington, Jefferson, Lincoln, Roosevelt wote wawili, Martin Luther King. Nimeiweka kando. Hao wameandikiwa vya kutosha, na wanafunzi wetu wanawajua kwa sura hata kabla ya kuingia kidato cha kwanza. Mimi nawaletea wawili waliogombana, Booker T. Washington na W.E.B. Du Bois, kwa sababu ugomvi wao haukubaki kwao. Ulifika Kabete na Dar es Salaam, ukaja na fedha, wajumbe na mtaala, na baadhi ya matokeo yake tunaishi nayo mpaka leo.

Ugomvi huo, kama unavyofundishwa, ni wa mikono na kichwa. Washington alitaka mtu mweusi ajifunze useremala na kilimo. Du Bois alitaka asome Kilatini na falsafa. Mwanafunzi akiandika hivyo hupewa alama zake zote, na naona tumempa alama za bure. Washington alisomesha walimu kwa mamia, na Du Bois hakuwa mtu wa kudharau fundi. Kilichowagombanisha ni nani mwenye haki ya kuamua mtoto wa mwenzake asome nini na aishie wapi. Swali hilo ndilo lililopanda meli.

Tanuri la nne

Washington alizaliwa mtumwa katika Kaunti ya Franklin, jimbo la Virginia, mwaka 1856. Utumwa ulipokomeshwa familia yake ilihamia Malden, West Virginia, akafanya kazi kwenye matanuri ya chumvi, kisha kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1872 alisafiri karibu maili 500 hadi Chuo cha Hampton, akipanda gari alipoweza na kutembea aliposhindwa. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Kwa maelezo yake mwenyewe alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, mwalimu akapitisha kitambaa cheupe asikute kitu. Akapokewa.

Hampton ilianzishwa mwaka 1868 na Jenerali Samuel Chapman Armstrong, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Hawaii na aliyeongoza askari weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Armstrong aliamini kwamba kazi ya mikono hujenga tabia, na kwamba watu waliotoka utumwani walihitaji tabia kwanza, siasa baadaye. Kijana Booker aliimeza imani hiyo nzimanzima.

Mwaka 1881 alipelekwa Tuskegee, Alabama, kuanzisha chuo cha walimu. Jimbo lilitoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara, na halikutoa jengo hata moja. Madarasa yakaanza tarehe 4 Julai na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu kando ya kanisa. Ili wajenge, ilibidi wafyatue matofali wenyewe, na hakuna aliyejua kuyachoma. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili, la tatu. Washington akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili lijengwe la nne, na hilo likafaulu. Kisa hiki nakipenda kuliko hotuba zake zote. Baadaye matofali ya Tuskegee yalinunuliwa na Wazungu wa maeneo yale, ambao hawakujali rangi ya aliyeyafyatua mradi yalikuwa mazuri, naye Washington akaona hapo ushahidi kwamba biashara ingewalainisha.

Hilo ndilo alilolisema Atlanta tarehe 18 Septemba 1895, mbele ya hadhira mchanganyiko iliyotawaliwa na Wazungu. Watu weusi waanze na ardhi, ufundi na akiba, wasitangulize siasa, na katika mambo ya kijamii wangeweza kuendelea kukaa mbalimbali na Wazungu. Frederick Douglass alikuwa amefariki Februari ya mwaka huo, na Wazungu wa Kaskazini na Kusini walikuwa wakitafuta Mweusi wa kuzungumza naye. Wakampata. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikahalalisha ubaguzi katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson.

Aprili 1903

Du Bois alitoka upande mwingine kabisa. Alizaliwa huru mwaka 1868 huko Great Barrington, Massachusetts, mji wenye Weusi wachache. Akasoma Fisk, Harvard na Berlin, na mwaka 1895 akawa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya Harvard. Alipoisikia hotuba ya Atlanta hakuipinga, bali alimpongeza Washington. Kilichomgeuza ni miaka iliyofuata: haki ya kura iliyofutwa jimbo baada ya jimbo, watu kuuawa na makundi bila kesi, na Tuskegee kugeuka kuwa lango ambalo kila Mweusi aliyetaka cheo serikalini, msaada wa chuo au nafasi gazetini alilazimika kulipitia.

Aprili 1903 Du Bois alichapisha kitabu chake, The Souls of Black Folk, chenye sura nzima inayomkosoa Washington. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba huwezi kumwambia mtu anunue ardhi na afungue duka huku ukimshauri anyamaze anaponyang'anywa kura, maana asiye na kura hana cha kuilindia ardhi wala duka.

Mwezi uleule, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya Giles dhidi ya Harris. Katiba mpya ya Alabama ya 1901 iliwafuta Weusi karibu wote katika daftari la wapiga kura. Kufikia 1903 waliobaki hawakufika 3,000 katika jimbo lililokuwa na wanaume Weusi wenye umri wa kupiga kura wapatao 180,000. Jackson Giles wa Montgomery alishtaki. Mahakama ikaitupa kesi yake, kwa maneno ya Jaji Oliver Wendell Holmes, kwamba dhuluma ya namna hiyo itafutiwe tiba kwa wanasiasa. Yaani aende kwa walewale waliomnyima.

Aliyelipia kesi hiyo ni Booker T. Washington. Alimtuma wakili Wilford Smith kwa siri, wakiandikiana barua kwa majina ya bandia. Miaka michache baadaye aliisaidia kwa siri vilevile kesi ya Alonzo Bailey, iliyokwenda mpaka Mahakama Kuu mwaka 1911 na kuipiga pigo sheria iliyowafunga vibarua kwa madeni. Hadharani alihubiri subira. Gizani alitoa pesa za mawakili. Habari hizi zilijulikana kikamilifu miongo mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1915, wanahistoria walipozisoma barua zake.

Je, siri hiyo inamsafisha? Kwangu inamsafisha nusu. Kesi ilihitaji pesa na alizitoa. Lakini harakati inahitaji watu wanaoonekana, ili wengine wajue hawako peke yao, na hapo Du Bois alikuwa na haki. Mwaka 1905 alikusanya wenzake upande wa Kanada wa Niagara, mwaka 1909 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, na tangu 1910 akahariri jarida la The Crisis. Chama hicho ndicho kilichopeleka mahakamani kesi ya ubaguzi shuleni iliyoshinda mwaka 1954.

Washington naye aliacha kitu kinachohesabika kwa majengo. Alimshawishi Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, ajaribu kujenga shule sita za watoto Weusi vijijini Alabama. Kufikia mwaka 1932 mpango huo ulikuwa umesimamisha majengo zaidi ya 5,000 katika majimbo 15. Sharti lilikuwa wanakijiji wachange, na wakachanga: wakulima wa kukodi mashamba, wasio na kura, walitoa kwa jumla fedha zilizozidi kidogo zile za tajiri mwenyewe. John Lewis, aliyekuja kuongoza maandamano ya Selma mwaka 1965, alisoma katika mojawapo ya shule hizo. Waliomcheka Washington kwa matofali yake wangepaswa kulijibu hilo.

Mtaala unapanda meli

Urithi wa Washington ulianza kusafiri akiwa hai. Mwishoni mwa mwaka 1900 watu wanne wa Tuskegee walikwenda Togo kuwafundisha Waafrika kilimo cha pamba, kwa mwaliko wa kamati ya uchumi wa makoloni ya Wajerumani. Utaalamu ulikuwa wa kweli, lakini ulitumikia dola iliyolazimisha watu kulima. Kamati hiyohiyo ilihimiza pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na tunajua pamba ya kulazimishwa ilichangia uasi ulioanza katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905.

Safari kubwa zaidi ilifanywa baada ya kifo chake. Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyewahi kufundisha Hampton, alikuwa mkurugenzi wa elimu wa mfuko wa Phelps-Stokes. Mwaka 1917 alitoa ripoti kubwa kuhusu elimu ya Weusi wa Marekani, na Du Bois akaishambulia katika The Crisis kwa kuwa iliwapangia Weusi elimu ya kuwaweka walipo. Miaka saba baadaye, mwaka 1924, Jones aliongoza tume ya mfuko huo katika Afrika Mashariki. Wakoloni waliipokea kwa furaha. Elimu ya kilimo, afya na ufundi ilifaa vijijini, hakuna anayebisha. Lakini walowezi wa Kenya waliipenda kwa sababu nyingine, kwamba haingezaa makarani wenye midomo.

Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, kwa msaada wa Carnegie Corporation. Jina lilitoka kwa Anna T. Jeanes, mwanamke wa dhehebu la Quaker wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja kwa shule za Weusi vijijini. Mkuu wa kwanza wa shule, James Dougall, alikuwa katibu wa tume ya 1924. Walimu walikuja Kabete na wake zao, wakasomeshwa wote, kisha wakarudi kuzungukia shule za vijijini. Chuo hicho ndicho kilichogeuzwa mwaka 1961 kuwa Kenya Institute of Administration, mahali pa kuwaandaa maofisa wa serikali huru. Waliokusudiwa kubaki kijijini waliacha majengo yao kwa waliotawala nchi.

Waliotumwa na waliojituma

Katika tume ya Jones alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey, mzaliwa wa Anomabo, Gold Coast, aliyesoma na kufundisha Livingstone College, North Carolina. Aggrey alihubiri maelewano ya Weusi na Weupe, na kwa kumsikiliza jukwaani ungedhani ni mtu wa Washington moja kwa moja. Lakini kwa maelezo yaliyohifadhiwa na ukoo wa Sykes, alipopita Dar es Salaam alikutana na Kleist Sykes na kumshauri Waafrika waunde chama chao. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, Kleist akiwa miongoni mwa waasisi. Ndiyo iliyokuja kuwa TAA, na mwaka 1954 TANU. Tume iliyopendwa na serikali kwa kuwa ingetuliza siasa ilimleta kwa gharama zake mtu aliyeiamsha.

Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo. Harry Thuku aliandika barua Tuskegee mwaka 1921 kuomba msaada kwa watu wake. Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange, alipelekwa Hampton kwenyewe mwaka 1927, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi alianzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, kwa ajili ya shule huru za Wakikuyu zilizotaka elimu ambayo mkoloni hakuwapangia. Serikali ilikifunga katika Hali ya Hatari. Alichochukua Koinange kutoka Hampton ni kwamba watu weusi wanaweza kujenga chuo chao. Ushauri wa kusubiri aliuacha Virginia.

Urithi wa Du Bois ulipita njia iliyonyooka zaidi, nami nitaupita haraka kwa kuwa tunaufahamu. Ni makongamano ya Umajumui wa Afrika tangu Paris 1919, Manchester 1945 alipoketi na Nkrumah na Kenyatta, kisha Accra, alikohamia mwaka 1961 na kufariki tarehe 27 Agosti 1963, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya jijini Washington. Kongamano la sita lilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Juni 1974.

Najua tukifika kwenye majadiliano mtu atauliza kuhusu Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Mashamba ya shule, kazi za mikono, elimu ya kijijini: si Tuskegee hiyo? Kwa jembe, zinafanana. Tofauti ni kwamba Mwalimu Nyerere alilipanga jembe kwa watoto wote wa taifa lililojitawala, wakati tume ya Jones ililipangia rangi moja huku watoto wa walowezi wakiandaliwa kutawala. Kama mpango wa 1967 ulitekelezwa kwa haki baina ya mtoto wa ofisa na mtoto wa mkulima, hilo ni la kubishaniwa, na Du Bois angeuliza hivyohivyo.

Napendekeza somo hili lifundishwe kwa kuanzia Aprili 1903, si kwa wasifu wa watu wawili. Kundi moja la wanafunzi lipewe sura ya Du Bois, la pili hukumu ya Giles, la tatu barua za Washington kwa wakili wake. Kila kundi liandike aya moja kumhusu Washington kabla ya kusoma nyaraka za wenzao, kisha wabadilishane na kuandika upya. Baada ya hapo ndipo waletewe ripoti ya 1925 ya tume ya Jones kuhusu Afrika Mashariki, na waulizwe nani alihojiwa katika kuiandaa na nani hakuhojiwa.