Kitenzi Kilichobeba Soko la Canton

Leo nina kitenzi kimoja cha Kiingereza: “catch”. Sisi mpira tunaudaka, mwizi tunamkamata, basi tunaliwahi, na mafua ndiyo yanayotushika. Kwa Mwingereza yote hayo ni “catch”, na mafua anayashika yeye. Mchina yuko upande wetu: mpira ni “jie”, mwizi ni “zhua”, treni ni “gan”, kila tendo na neno lake.

Sasa turudi nyuma hadi Canton, Guangzhou ya leo. Tangu 1757 hadi Mkataba wa Nanjing wa 1842, meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara katika bandari hiyo tu, na kumfundisha mgeni Kichina kulipigwa marufuku. Basi wenye maduka wakajifunza wao. Mwalimu wao alikuwa kijitabu chembamba cha lugha ya “watu wa nywele nyekundu”, yaani Waingereza. Kifungue: huoni herufi ya Kizungu hata moja. Kila neno la Kichina limeandikiwa pembeni alama nyingine za Kichina, ambazo ukizisoma kwa lafudhi ya Canton zinatoa mlio unaokaribia Kiingereza. Sarufi hamna.

Kwa mtaji huo mdogo wakaijenga lugha ya soko. “Catch” wakaitamka “catchee”, wakaitwisha mizigo yote: kupata faida ni “catchee”, kuleta chai ni “catchee”, kununua pia. “Caught” ya nini, wakati kitenzi cha Kichina hakibadiliki, iwe jana au kesho? Waliowacheka hawakuona kazi iliyofanyika pale. Mimi naiheshimu sana: watu wasio na darasa walisukuma shehena za chai na hariri kwa maneno machache.

Kisha Mkataba wa Tianjin wa 1858, kati ya China na Uingereza, ukatamka kwamba maandishi ya Kichina na ya Kiingereza yakitofautiana, ya Kiingereza ndiyo sahihi. Kutojua vitenzi sasa kungeigharimu dola. Mwaka 1862 shule ya Tongwen Guan ikafunguliwa Beijing, na darasa la kwanza la Kiingereza lilikuwa na vijana 10 tu.

Mwaka 1891 wahitimu wawili wa shule hiyo, mmoja wao Zhang Deyi, walianza kumfundisha Kiingereza Mfalme Guangxu wa China. Mkuu wa shule, Mmarekani W. A. P. Martin, alisimulia kwamba wana wa kifalme walipiga magoti mbele ya mfalme, ilhali walimu hao wakiruhusiwa kuketi.