Kwa Nini Tunasoma Tamthiliya Mpya Sharikani

(Hotuba ya mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili)



Ratiba inasema tutoe taarifa ya robo mwaka. Taarifa ya visima na mbuzi wa maziwa mnayo mikononi, imechapwa, na hatuna la kuongeza isipokuwa kwamba pampu moja imekufa tena. Dakika tulizopewa tumeomba tuzitumie kwa jambo ambalo tumeulizwa zaidi kuliko visima. Kwa nini ofisi ya miradi inanunua vitabu vya michezo ya kuigiza, na kwa nini tunaomba kumbi za sharika zifunguliwe Jumatano jioni ili visomwe?

Tukiri kwanza kwamba ni mapenzi yetu wenyewe. Shuleni tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kama mtu anayemeza dawa ya mtihani. Baadaye tukakutana na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, na huyo Ngoswe hajatutoka hadi leo. Ni kijana wa serikali aliyepelekwa kijijini kuhesabu watu, akampenda binti wa mwenyeji wake, na makaratasi ya sensa yakaishia motoni. Kila tunapowatuma vijana wetu kukusanya takwimu za kaya, tunamkumbuka. Lakini baada ya hapo, kwa miaka mingi, hatukusoma tamthiliya nyingine. Tulidhani zimekwisha pamoja na shule.

Aliyetuamsha ni mwalimu mmoja, binti wa usharika wa mpakani, aliyekuwa akifundisha upande wa Kenya. Akija likizo alituletea vitabu. Alianza na Kigogo ya Pauline Kea. Kisha akaleta Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo ilichukua nafasi ya Kigogo katika shule za sekondari za kule. Kigogo tuliianza saa mbili usiku tukiwa na nia ya kusoma kurasa chache, tukaimaliza saa saba. Asubuhi yake tulichelewa kikao cha bajeti, na Mhasibu wa Dayosisi bado anatukumbusha.

Tulichokipenda ni kwamba watu wa humo wanasema mambo ya sasa kwa Kiswahili cha sasa. Sagamoyo ni mji wa kubuni. Mtawala wake ni Majoka, na soko la Chapakazi limefungwa, wauzaji hawana pa kwenda. Yupo Sudi, mchongaji, anayekataa kuchonga kinyago cha kumtukuza mtawala ingawa malipo ni mazuri na nyumbani njaa inapiga hodi. Nani kati yetu hajakaa na mtu wa namna hiyo, au hajatakiwa kuwa yeye?

Sasa, namna tunavyosoma. Hatuigizi. Hatuna mavazi wala jukwaa. Mabenchi yanazungushwa duara, kila mmoja anapewa mhusika wake, na asiyejua kusoma anasikiliza na mara nyingi ndiye anayesema zaidi baadaye. Kitabu kimoja wanashika wawili. Gharama ni chai na umeme. Posho hakuna, na tunawashukuru wanakamati walioendelea kuja hata baada ya kugundua hilo.

Wapo wanaosema: mbona miradi imekuwa na maigizo siku zote? Ni kweli. Tunafahamu kazi ya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na watu mpaka wananchi wenyewe wakatunga michezo kuhusu shida zao. Hayo tunayaheshimu sana. Ila sisi wa ofisi za miradi tuliyageuza. Igizo letu la kawaida mwisho wake tunaujua tangu siku ya kuandika bajeti: mlevi anatubu, mke anatabasamu, mgeni rasmi anapiga makofi. Anayeandika tamthiliya yake mwenyewe hajui bajeti yetu wala hana haja ya kutufurahisha, na kwa sababu hiyo tunamhitaji.

Tulijifunza hili kwa kukosea. Kitabu cha kwanza tulichopeleka sharikani kilikuwa Orodha ya Steve Reynolds, ambacho wengi mnakijua kwa sababu watoto wenu wamekisoma sekondari. Binti aitwaye Furaha amekufa kwa UKIMWI, ameacha barua yenye orodha isomwe kwenye mazishi yake, na wanaume wa kijiji wanahangaika wakidhani majina yao yamo. Kiongozi wa dini naye ni mmoja wa wanaohangaika. Mzee mmoja wa kanisa alitaka huyo aondolewe na mahali pake awekwe mwalimu. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna tatizo, aliyeandikwa ni Padri, na sisi Walutheri tuna Wachungaji. Tulicheka sana, na mhusika akabaki.

Kosa letu halikuwa hapo. Ofisi ilitunga ukurasa wa mwisho wa nyongeza. Baada ya barua kusomwa na kuonekana kwamba orodha haina jina la mtu bali mambo ambayo kama Furaha angeyapata yangemwokoa, tulimwingiza nesi, akaeleza njia za maambukizi na umuhimu wa kupima. Watu wakapiga makofi, wakanywa chai, wakaenda nyumbani. Mama mmoja alitufuata hadi kwenye gari akasema: "Mwanangu, mlipomleta yule nesi nikajua sasa mnaongea na wengine."

Tukarudi usharika uleule baada ya mwezi mmoja, bila nesi. Barua iliposomwa hakuna aliyepiga makofi. Tulikaa. Ilikuwa vigumu sana kwetu kunyamaza, maana tumesomea uwezeshaji. Mwishowe mzee mmoja, mtu wa kuheshimiwa, akasema akiwa amekaa: "Barua hiyo mimi ningeichoma." Hakuna aliyecheka, wala aliyemuuliza kwa nini. Mkewe alikuwa benchi la tatu. Jambo hilo hatukuliandika katika taarifa, kwa sababu fomu ina nafasi ya idadi ya waliofikiwa, na pale hatukujua tuhesabu nini.

Tuje kwa Bembea ya Maisha, ambayo imetugusa sisi wenyewe mfukoni. Sara ni mgonjwa. Mumewe Yona alizama katika pombe na kumtesa mkewe, kwa sababu watu walimcheka kwamba amepata mabinti tu. Anayebeba gharama za matibabu ni Neema, binti aliyeolewa mjini, na nyumbani kwake ana mume, Bunju, ambaye naye ana lake la kusema juu ya mama mkwe kulala kwake. Katika usharika mmoja aliyesoma sehemu ya Yona ni baba wa mabinti wanne. Alifika mahali akafunga kitabu, akampa jirani yake aendelee. Hatukumuuliza.

Baada ya kusoma, mazungumzo yalihusu mkwe na mkweze kwa muda mrefu, wengine wakitetea mila, wengine wakisema hospitali iko mjini na mila haina gari. Kisha mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akatugeukia sisi. Alikumbuka fomu ya mradi wetu wa kutunza wazee. Fomu ile iliuliza: "Jina la mtoto wa kiume anayemtunza mzee." Akauliza: "Neema angeandikwa wapi?"

Wapendwa, fomu ile tuliitunga wenyewe, watu wenye shahada, tukaipitisha katika vikao vitatu. Wazee waliokuwa na mabinti tu waliandikwa kuwa hawana mtunzaji, na mabinti waliokuwa wakituma fedha kila mwezi hawakuonekana popote. Tumeibadilisha. Sehemu ya taarifa mliyo nayo inayohusu wazee imeandikwa upya kwa fomu mpya, na ndiyo maana takwimu zake hazilingani na za robo iliyopita. Wafadhili waliotuandikia kuuliza, jibu ni hilo.

Kwa ninyi wafadhili tuna ombi moja dogo. Tafadhali msitutungie tamthiliya kuhusu mada ya mwaka. Tusaidieni kununua vitabu. Tamthiliya ya watu kumi haisomeki kwa vitabu viwili, na tukitoa nakala kwa mashine tunamwibia mwandishi ambaye jasho lake ndilo tunalokula.

Kwa kamati, tunajua usharika mmoja umefunga ukumbi wake tangu iliposikika kwamba Kigogo ndiyo inayofuata, kwa hoja kwamba ni siasa. Hatutabisha kwamba inamhusu mtawala. Wala hatuidharau hofu ya mwenyekiti, kwa sababu ndiye atakayeitwa kujieleza, si sisi. Lakini tunaona si haki kukataa kitabu ambacho hakijasomwa na yeyote katika kikao kilichokikataa. Tumempelekea mwenyekiti nakala yetu, na tumekubaliana aisome, kisha tuonane tena. Akikataa baada ya hapo, tutapeleka Bembea ya Maisha, na Kigogo itasubiri.

Nakala nyingine tatu za Kigogo ziko ofisini. Anayezihitaji aandike jina lake kwenye daftari la katibu muhtasi, na tunaomba msikunje kurasa.