Pektini si Tiba ya Saratani
Msikilizaji, pektini ni aina ya nyuzinyuzi inayotolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu, ile ile inayogandisha jemu. Mwaka 2010, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba gramu 6 kwa siku husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha kolesteroli. Lakini kuna pektini iliyovunjwavunjwa ili ipenye utumbo na kuinasa protini ya galektini-3, inayohusishwa na kusambaa kwa saratani. Ushahidi wake bado ni wa maabara, wanyama na majaribio madogo kwa watu. Inauma mgonjwa anapouziwa unga wa pektini hiyo kama tiba. Anayetumia dawa amwone daktari kwanza, kwani pektini inaweza kupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya dawa.