Kovu limekauka, lakini mshipa je?



Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, hospitali zilijaa watu wa risasi na vipande vya bombe. Wengine tuliwabeba sisi wenyewe, juu ya moto, juu ya mgongo. Leo tunamuona kijana wa kartye amerudi kwao, kovu la kichwa limekauka, na tunasema: Mungu asifiwe, amepona.

Tusiharakishe kusema vile.

Risasi ikiingia kichwani inaweza kupasua mshipa wa damu kidogo tu, bila kuukata wote. Damu inaganda pale kwenye tundu na kulifunga. Lakini ile si ukuta wa mshipa, ni kiraka. Sote tunajua mupira wa moto wenye kiraka kibaya: unatembea, unavimba, siku moja unapasuka. Kichwani inaweza kutokea kisha siku chache ao majuma kadhaa, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Skaneri ya kawaida inaonyesha mfupa, risasi na damu iliyomwagika. Ili mishipa yenyewe ionekane vizuri, waganga wanapiga mgonjwa sindano ya dawa maalum kabla ya picha. Na hata picha ya kwanza ikiwa safi, mara nyingine inafaa kurudilia, juu uvimbe unaweza kutokea nyuma.

Basi tunaomba nini? Serikali ya Kinshasa, na wale wanaoshika Goma kwa bunduki, wote wawili: majeruhi wa kichwa apigwe picha ya mishipa bila kulipa, na njia ya kumpeleka mbali kwa operesheni ifunguliwe. Uwanja wa ndege ulifungwa vita ilipofika. Mshipa haungojee mazungumzo.

Na sisi? Wengi wetu tuna diplome, kazi hatuna. Wakati tuko nao. Kila mmoja amufuate majeruhi wa avenue yake. Akishikwa na maumivu makali ya kichwa kwa rafla, akitapika, akisinzia ovyo, mkono ukilegea, jicho likivimba na kuwa jekundu, tumukimbize hospitali siku ileile. Na kitu kikibaki kimechoma kichwani, tusikichomoe: huenda ndicho kinaziba damu. Kichomolewe na waganga tu.

Kumubeba ndugu ilikuwa mwanzo. Kumufuata ndiyo kazi iliyobaki.