Kiboko, Kobe na Watoto Wetu: Tuliyojifunza kwa Kuwasomea Watoto Kitabu cha Picha

Maneno yaliyosemwa na mhudumu wetu wa mashinani mbele ya wazazi, machefu na viongozi wa kambi, mjini Bunia, jimbo la Ituri

Tunajua kwamba wengine wenu mmetembea kwa mguu tangu asubuhi, na kwamba siku ya kukaa kikaoni ni siku isiyo na kibarua. Kwa hiyo tunawashukuru kwa moyo, na hatutasema mengi.

Tumekuja kuzungumza juu ya kitabu cha watoto. Tunasikia wengine wakisema: watu wamepoteza nyumba, mashamba na ng'ombe, wamezika ndugu zao, nanyi mnatuletea kitabu cha wanyama? Swali hilo ni la haki, na tumeulizwa mara nyingi. Leo tutajaribu kulijibu. Pia tutawaeleza kosa tulilolifanya, kwa sababu kosa hilo limetufundisha kuliko kitabu chenyewe.

Hadithi ya Owen na Mzee

Hadithi hii haikutungwa. Ilitokea Kenya, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka 2004 mvua kubwa zilijaza mto Sabaki, karibu na mji wa Malindi, na kundi la viboko likasukumwa na maji mpaka mahali mto unapoingia baharini. Wenyeji walijaribu kuwarudisha juu, wakashindwa. Tarehe 26 Desemba yakaja mawimbi ya tsunami, yale yaliyoua zaidi ya watu 200,000 katika nchi zinazopakana na bahari hiyo. Baadaye alionekana kiboko mmoja tu, mtoto, amekwama kwenye miamba ndani ya bahari. Mama hayupo. Wenzake hawapo.

Kesho yake watu walikusanyika kumwokoa: wavuvi, wageni na maofisa wa wanyama wa porini. Ninyi mliotoka Kasenyi na Tchomia mnamjua kiboko, hamhitaji kuelezwa. Hata mtoto wake si mchezo. Huyu alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, alikuwa amechoka na ana hofu, na nyavu za kawaida hazikumweza. Ilibidi zitafutwe nyavu za kuvulia papa. Mwishowe mgeni mmoja aitwaye Owen alimrukia na kumshika mpaka wenzake wakamfunga. Ndiyo sababu kiboko naye akaitwa Owen.

Walimpeleka Haller Park, karibu na Mombasa. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, ardhi tupu na kavu, mpaka watu walipoanza kupanda miti ya mvinje mwaka 1971, na polepole pakawa msitu. Humo alikuwemo kobe mkubwa wa kiume, wa aina ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Jina lake Mzee, na hakuwa na sifa ya kupenda wageni.

Owen alipofunguliwa kamba, alikimbia moja kwa moja mpaka nyuma ya kobe akajibanza hapo, kama mtoto wa kiboko anavyojibanza nyuma ya mama yake. Mzee hakufurahi. Alifoka, akaondoka. Mtoto akamfuata. Akaondoka tena, mtoto akamfuata tena. Asubuhi watunzaji waliwakuta wamelala pamoja. Owen alikuwa amekataa chakula, lakini alipomwona Mzee anakula majani, naye akaanza kula. Kwa muda wa miaka miwili hivi walikula pamoja, wakaingia majini pamoja, wakalala pamoja.

Mtoto wa miaka sita huko Marekani, Isabella Hatkoff, aliona picha yao, akataka watoto wengine waijue habari hii. Yeye na baba yake, Craig Hatkoff, pamoja na Dkt. Paula Kahumbu wa Kenya, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi hiyo, waliandika kitabu kiitwacho Owen & Mzee. Picha nyingi zilipigwa na Peter Greste. Kilitoka mwaka 2006. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo sisi tunaonyesha picha na kusimulia kwa Kiswahili, na mahali ambapo wadogo hawaelewi, mama mmoja hutusaidia kwa lugha yao.

Kosa letu

Tulipoanza kukisoma kambini, tulikuwa na haraka. Tulitaka watoto waone kwamba wasiofanana wanaweza kuwa marafiki, kisha tupige makofi, kisha tuandike ripoti.

Siku moja papa mmoja mwenye umri alisimama nyuma ya watoto akatuuliza: "Katika hadithi hiyo, sisi ni nani? Kiboko au kobe?" Mmoja wetu, kwa kutaka kumridhisha, akajibu: ninyi ni kobe, na wale wengine ni kiboko. Pakawa kimya. Kisha kijana wa miaka kama tisa akasema: "Basi kobe ni mjinga. Akilala, kiboko atamkanyaga." Mama mmoja akainuka, akamchukua mtoto wake, akatuambia: "Mnataka tukumbatiane na waliotuchomea nyumba." Siku hiyo tulifunga kitabu, na hatukurudi kwa wiki mbili.

Ndugu zetu, jibu letu lilikuwa baya kwa sababu mbili.

Ya kwanza: hapa Ituri tunajua jinsi vita inavyoanza mdomoni. Kabla panga halijainuliwa, jirani amekwisha kuitwa jina la mnyama. Mtu akishaitwa nyoka au mdudu, kumwua kunakuwa kama kufagia nyumba. Sisi, watu wa amani, tuliwagawia watu majina ya wanyama mbele ya watoto wao. Tuliombe hilo msamaha, na leo tunaliomba tena. Kiboko katika kitabu si kabila. Kobe si kabila. Kiboko ni mtoto aliyepotelewa na mama yake. Kobe ni mzee ambaye mwishowe hakumfukuza. Basi.

Ya pili: Owen alipokonywa jamaa zake na maji. Maji hayana chuki na hayaitwi mahakamani. Watoto wetu walipokonywa jamaa zao na watu, na watu hao wana majina. Kuwaambia watoto kwamba mambo haya mawili ni sawa ni kuwadanganya. Kitabu cha picha hakiwezi kuchukua mahali pa haki. Mtu akiwaambia "someni hadithi, msahau", msimsikilize, hata akiwa ni sisi.

Swali la mtoto

Tuliporudi baada ya wiki mbili, hatukufundisha neno. Tulikaa, tukafungua picha, tukasimulia, tukanyamaza. Msichana mmoja mdogo, ambaye yuko kambini na shangazi yake, aliuliza: "Mama yake kiboko, alimtafuta?"

Tulijibu kwamba kitabu hakisemi. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu akauliza tena. Bibi mmoja aliyekuwa karibu akichambua sombe alisema bila kuinua kichwa: "Mama hutafuta. Kama hakuja, ni kwa sababu hakuweza." Mtoto akaenda akaketi karibu na bibi yule akaanza kumsaidia kuchambua majani. Hawakuwa wa kijiji kimoja. Hawakuwa hata wa kabila moja. Hakuna aliyewaambia wawe marafiki.

Hapo ndipo tulipofahamu kazi ya kitabu hiki. Mtoto aliyeona mabaya mara nyingi hawezi kusema "mama yangu". Lakini anaweza kuuliza habari za mama yake kiboko. Akiuliza, na mtu mkubwa akamjibu kwa ukweli na kwa upole, mzigo wake unapungua kidogo. Hilo ndilo jibu letu kwa wale wanaouliza kwa nini tunaleta kitabu cha wanyama. Tunakileta ili watoto wapate mlango wa kuulizia, na wakubwa wakae karibu na mlango huo.

Moyo mwema bila ulinzi

Kuna habari nyingine ya kweli kutoka Kenya, nayo tunawasimulia ninyi wakubwa, hatuwasomei watoto. Katika hifadhi ya Samburu, mwishoni mwa mwaka 2001, simba jike alimchukua ndama wa choroa, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu. Badala ya kumla, alitembea naye na kulala naye kama mwanawe. Watu walimwita Kamunyak, maana yake aliyebarikiwa. Dunia ilistaajabu. Lakini simba yule hakuweza kumnyonyesha ndama, na kwa kumlinda hakuweza kuwinda vizuri, akadhoofika. Mwanzoni mwa mwaka 2002, siku moja alipolala kwa uchovu, simba dume alikuja akamla ndama.

Kwa nini Owen aliishi na ndama yule akafa? Kamunyak hakukosa upendo. Owen alikuwa na zaidi ya upendo: watu waliomtoa baharini, ukuta wa kumzunguka, chakula, na watunzaji waliokesha. Urafiki ule ulimea ndani ya ulinzi.

Ninyi mnalijua jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, ilishambuliwa, na watu wapatao 60 waliuawa, watoto wakiwemo. Hakuna kitabu kingewalinda. Kwa hiyo tunaposema amani kwa watoto, tunasema pia kwa serikali, kwa wanajeshi, kwa wenye silaha na kwa mashirika, likiwemo letu: msiwadai waliohama wapatane huku wakilala bila mlinzi na bila chakula.

Mwisho ambao watu hawausimulii

Wengi humalizia hadithi pale kiboko na kobe walipolala pamoja. Lakini Owen alikua. Uzito wake ukawa hatari kwa kobe, hata akiwa hana nia mbaya. Mwaka 2007 watunzaji waliwatenganisha, na Owen akaanza kuzoezwa kuishi na kiboko jike aitwaye Cleo. Hilo halikuwa kushindwa. Ilikuwa kazi ya watunzaji kuona kwamba ukaribu ulioponya jana unaweza kuumiza kesho, na kuchukua hatua mapema, bila kungoja damu.

Kwetu pia amani haitakuwa na sura moja. Wako watakaorudi na kulima bega kwa bega na majirani wa zamani. Wako watakaosalimiana sokoni tu, na kila mmoja akaenda njia yake. Tunaonelea kwamba hata salamu ya sokoni ni kitu. Vita ya miaka ya 1999 mpaka 2003, na ile iliyoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, zimetuonyesha bei ya kuikosa. Na tukumbuke: Wahema wa kaskazini na Walendu wanasema lugha moja. Mama wa pande zote mbili humbembeleza mtoto kwa maneno yale yale. Wale wa hifadhi hawakuwa na hata hilo.

Tunayowaomba

Wazazi: mtoto akirudi na hadithi hii, msimwulize "kobe ni kabila gani?" Mwulizeni "ulipenda wapi? uliogopa wapi?" Kisha msikilizeni. Kama hataki kusema, mwacheni. Mzee alimwacha Owen amfuate kwa wakati wake, hakumvuta.

Machefu na wenyeviti wa kambi: lindeni mahali pa watoto. Pasiwe pa siasa, pasiwe pa kuandikisha vijana, na pasiwe pa majina ya matusi. Mkubwa akimwita jirani mnyama mbele ya watoto, mkanyeni siku ile ile.

Wazee wetu, bibi na babu: njooni mkae. Si lazima mjue kusoma. Njooni na sombe lenu, na hadithi zenu za Sungura na Kobe mlizosimuliwa kabla ya vita hizi. Mtoto aliyepotelewa hatafuti mtu anayefanana naye. Anatafuta mtu asiyeondoka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya kikao

1. Owen alipofika, Mzee alifoka na kuondoka. Je, ilikuwa vibaya? Wewe ungefanya nini?
2. Nani walifanya kazi ili urafiki huu uwezekane, ingawa majina ya wengi wao hatuyajui?
3. Katika kambi yetu, ni mtoto gani anayemfuata mtu mkubwa, na mtu huyo hajageuka kumwona bado?

Mungu awalinde usiku huu, na awalinde watoto wote wa Ituri.