Supu ya Kuku na Tambi

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya machifu, walimu na wanakijiji siku ya baraza.)



Najua wako watakaocheka wakisikia kwamba karani amesimama barazani kuzungumza habari za jikoni. Lakini nawaomba mnisikilize, maana jambo hili lawahusu watoto wetu na wagonjwa wetu.

Siku moja nilikwenda kumtazama jamaa yangu, nikamkuta mtoto wake ametoka katika homa, naye amedhoofu sana. Kuku alichinjwa kwa ajili yake. Mchuzi ukatiwa kikombeni akapewa mtoto, na nyama ikaletwa katika sinia kwetu sisi wanaume. Nami nilikula. Njiani nikirudi moyo wangu ulinisuta, kwa kuwa nguvu nyingi ya kuku haimo katika maji yake, imo katika nyama. Yule mtoto alipewa maji ya moto yenye chumvi na mafuta kidogo, na sisi wenye afya tulikula chakula chake.

Sisemi kwamba mchuzi hauna faida. Humpa mgonjwa maji na chumvi, na humfungua hamu ya kula. Tabibu Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204 huko Misri, aliwasifia wagonjwa supu ya kuku. Lakini yafaa nyama imfuate mchuzi wake katika bakuli moja.

Basi fanyeni hivi. Twaeni kuku mzee mwenye afya, wa ratli tatu hivi. Huyo ndiye mwenye ladha. Mkateni vipande, mtieni sufuriani pamoja na painti sita za maji baridi. Yakianza kuchemka, ondoeni povu, kisha punguzeni moto. Tieni vitunguu viwili, karoti, na chumvi kidogo. Mwacheni apikike polepole kwa muda wa saa mbili au tatu, hata nyama iachane na mfupa. Moto mkali huharibu supu.

Wakati huo tengenezeni tambi. Unga wa ngano vikombe viwili, mayai matatu, na chumvi kidogo. Kandeni kwa dakika kumi hata donge liwe laini. Lifunikeni kwa nusu saa. Kisha lisukumeni liwe jembamba sana, nyunyizeni unga juu, likunjeni, mkate nyuzi nyembamba. Tambi hizo zikitiwa katika supu inayochemka huiva kwa dakika tatu hata tano. Pasipo ngano, mchele wafaa.

Nyama itolewe mifupa na kuchambuliwa vidogo vidogo, irudishwe sufuriani. Aliyeshika kuku mbichi na anawe mikono kwa sabuni, na kisu chake kioshwe. Supu isilale sufuriani usiku kucha. Iliwe siku ile ile.

Tena, msiifanye supu kuwa dawa. Mtoto mwenye homa na apelekwe zahanati upesi apimwe damu, wala asingojee kuku aive. Na mtoto asiyetimiza miezi sita hapewi supu. Chakula chake ni maziwa ya mama yake.

Wazee wangu, katika nchi zetu nyingi desturi iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, na hata leo mahali pengine finyango nono hungojea wakubwa. Mimi ni mdogo kwenu, siwezi kuwaamuru. Ila nasema, chifu akisimama mbele ya watu wake, akamtwalia mgonjwa paja la kuku kwa mkono wake mwenyewe, watu wote watafuata. Penye wazee haliharibiki neno.